Duka la pembejeo Kibaigwa: mbegu na dawa nunua, koki na taa pita

Jina la duka silitaji kwa sababu mwenyewe kaniomba. Nilipomwambia nataka kuliandika alicheka sana, akasema, "Andika dada, ila jina liache. Nikitangazwa tu, shemeji zangu wote watajua nina hela." Basi tuelekezane kwa alama. Ukitoka Morogoro kwenda Dodoma, ukishaingia Kibaigwa, uliza duka la pembejeo lenye plau kuukuu iliyotundikwa juu ya mlango. Bodaboda yeyote atakufikisha.

Mimi nalima alizeti, mtama na mahindi kidogo ya ubishi, nafuga mbuzi wachache na kuku wa kienyeji, ambao ndio hasa wanaolipa ada ya watoto. Kijiji chetu kiko ndani, mbali na lami, kwa hiyo kwenda dukani si jambo la kutoka na kandambili. Ukisema jioni kwamba kesho unakwenda Kibaigwa, alfajiri mlango unagongwa: niletee dawa ya kupe, niletee misumari ya bati kilo moja, niulizie toroli bei gani. Kwa hiyo haya ninayoyasema si ya manunuzi yangu peke yangu, ni ya nusu ya kitongoji.

Duka lenyewe ni refu kwenda ndani. Mlangoni kuna mifuko ya mbolea juu ya mbao, kushoto meza ya mbegu na viuatilifu, katikati dawa za mifugo na friji yake, kulia vifaa vya ujenzi na vya nyumbani, nyuma kabisa vyakula vya kuku, pumba na mashudu. Kila upande una mtu wake. Hilo likumbuke, maana ukweli wa duka hili ni kwamba ni maduka mawili yanayolipia kodi moja: upande mmoja wanajua wanachouza, upande wa pili wanauza tu.

Nianze na meza ya mbegu, ndiyo inayonirudisha pale kila msimu. Anayekaa hapo ni mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, miwani imefungwa kwa uzi. Ukishamwamkia, swali lake la kwanza siyo unataka mbegu gani. Anauliza, "Shamba liko wapi?" Kisha, "Kichanga au mfinyanzi?" Kisha, "Mvua ya kwanza imeshapiga huko, au mnasikia ngurumo tu?" Wapo wanaoudhika. Siku moja nilikuwa nyuma ya kijana aliyetoka kuuza mahindi sokoni, mfuko umetuna, anataka ile mbegu ya mahindi yenye picha ya tembo.

"Wa wapi, mwanangu?"

"Mzee, si hela ninayo?"

"Hela naiona. Nauliza mvua."

Kijana akataja kijiji, upande ule mkavu kabisa. Mzee akarudisha pakiti ya tembo kwenye rafu, akashusha ya tumbili. Akamweleza kwamba ya tembo inakaa shambani muda mrefu, inafaa kwa watu wenye mvua ndefu, na sisi huku tuna msimu mmoja tu, unaoanza Novemba mwishoni au Desemba na kukatika Aprili, tena katikati, Januari au Februari, jua hukaa wiki nzima au zaidi bila tone. Mahindi yakikutwa yanatoa mbelewele wakati huo, umekwisha. Ya tumbili inakomaa mapema, angalau inajaribu kuukwepa huo ukame. "Na kama ungenisikiliza," akamalizia, "nusu ya shamba ungeweka mtama." Kijana alichukua tumbili, mtama hakuchukua. Mahindi ni heshima, hilo sote tunalijua.

Huwa nafikiri, wale Waingereza waliokuja Kongwa, wilaya hii hii ya Kibaigwa, mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, laiti wangesimama kwenye meza kama hii wakaulizwa mvua. Mwaka 1951 walikuwa wameshafunga virago, na fedha zilizozama hapo hata sasa zinasimuliwa.

Mbegu ya mtama anayoiuza zaidi ni Macia, ile nyeupe, fupi, inayowahi. Nilipoichukua mara ya kwanza hakunisifia tu, alinionya: mtama mweupe kwelea kwelea wanaupenda, na ukiupanda peke yako ukawahi kukomaa kuliko majirani wote, utawalisha ndege wa kata nzima. Pandeni pamoja, alisema, ili wakija wagawane. Muuzaji anayekwambia ubaya wa bidhaa yake kabla hujalipa simpati kila mahali. Kwa alizeti anayo Record, aina ya zamani ambayo ukichagua vichwa vizuri unaweza kutunza mbegu yake, na anazo chotara, ambazo anakwambia wazi: mwakani urudi ununue tena, ukipanda ulichovuna utapata mchanganyiko usioeleweka.

Kuna kitu anachokifanya ambacho ningependa kila duka la pembejeo nchini likiige. Mfuko wa mbegu iliyothibitishwa una lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, yenye sehemu ya kukwangua. Maduka mengi lebo hiyo ni pambo. Huyu mzee anachukua sarafu ya shilingi mia, anakwangua mbele yako, anakusomea namba tarakimu moja moja wewe mwenyewe uiandike kwenye simu yako na kuituma ili mbegu ihakikiwe, kisha anasubiri jibu liingie. Halijaingia, hapokei hela. Likishaingia anaandika namba ya kundi la mbegu nyuma ya risiti na kukuambia mfuko usiutupe wala usiufanye wa kuwekea chumvi mpaka uvune, kwa sababu mbegu isipoota, mfuko na risiti ndiyo kesi yako. Mtandao ukiwa mzito, shughuli hii inachosha. Nyuma yako watu wanaguna. Mimi nasubiri.

Hafungui mfuko akakupimia kwa kopo. Mnadani utapimiwa, tena kwa bei ya chini, lakini mfuko ukishafunguliwa nani anajua kilichomo? Hapo naungana naye. Lawama yangu ni nyingine: pakiti za kilo moja huagizwa chache na huisha mapema, halafu zinabaki kubwa tu. Bibi mwenye robo ekari ya mtama afanye nini? Anakwenda kwenye kopo. Nimelisema hili kwa mwenye duka, akaniambia pakiti ndogo hazina faida. Labda. Lakini ndizo zinazonunuliwa na watu wa kwetu.

Mbolea sina mengi. Bei ya ruzuku wanaifuata, imebandikwa ukutani, na lazima uwe na namba yako ya usajili uliyoandikishwa kijijini, la sivyo unanunua kwa bei kamili. Shida ni simu ya kuhakikia: mtandao ukikata, foleni inageuka kikao, watu wanaanza kuzungumza siasa na mahari. Nenda mapema, nenda na namba imeandikwa kwenye karatasi, usitegemee kupiga simu kwa mume akusomee. Na ukumbuke nauli: bodaboda akibeba mfuko wa kilo hamsini, mfuko huo unalipa kama abiria, tena abiria asiyeshuka njiani.

Sasa dawa za mifugo. Pale kuna binti aliyesoma mifugo Mpwapwa, kijana mdogo kabisa, na wazee wenye ng'ombe wengi walikuwa wanamdharau. Siku hizi wanamwita daktari. Kwake nanunua chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, hii ya matone inayotengenezwa hapa hapa nchini Kibaha, ambayo inavumilia joto kuliko zile za zamani. Kuvumilia joto hakumaanishi kuikaanga, anasema. Anaitoa kwenye friji wakati bodaboda wako ameshawasha pikipiki, si kabla. Anaivingirisha kwenye kitambaa kilicholowa maji, anaitia kwenye kifuko, anakuelekeza uiweke kwenye kikapu upande usiopigwa na jua. Kisha anakufanyia onyesho. Anachukua chupa tupu, anaiinamisha wima kabisa juu ya kiganja chake, tone linadondoka lote. Anaiinamisha kimshazari, tone linatoka dogo, bovu. "Umeona mama? Kuku ni yule yule, chanjo ni ile ile, ila huyu wa pili hajachanjwa." Tone moja kwenye jicho moja, subiri apepese, ndipo umwachie. Kuku wote siku moja, wakubwa kwa vifaranga. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Aliyekwisha kuumwa usimpotezee dawa, na usisubiri mpaka jirani aanze kuzika kuku ndipo ukimbilie chanjo, maana kinga inahitaji muda kujengeka.

Chupa moja ina matone ya kuku wengi kuliko nilio nao, kwa hiyo tunachanga kina mama kadhaa, tunakubaliana siku, tunaanza jioni kuku wakiwa wameshaingia bandani. Wazo la kuchanga ni lake yule binti. Angeweza kutuuzia chupa kila mmoja na ya kwake.

Dawa za sindano hatoi kama karanga. Jirani yangu alinituma niletee otisii, ile antibiotiki ya sindano, kwa ajili ya ng'ombe wake. Nikaulizwa: ng'ombe ana nini, ana uzito gani, anakamuliwa? Sikuwa na jibu hata moja. Akampigia jirani kwa simu yangu, wakazungumza, mwisho akasema huyo ng'ombe ana minyoo, sindano ya nini, akanipa dawa ya kunywesha. Jirani alinuna kwanza, alitaka sindano. Na kwa anayekamua, anaandika kwa kalamu nene kwenye boksi siku ambazo maziwa yasinywewe wala yasiuzwe baada ya dawa. Dawa ya kupe anauza na kikombe chake cha kupimia, na ukitaka kupimiwa kwenye chupa ya soda utafukuzwa. Nilishuhudia mtu akifukuzwa.

Upande huu huu ndipo penye mifuko ya kuhifadhia nafaka, ile ya matabaka matatu, mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Bei yake ni kubwa ukilinganisha na kiroba cha kawaida, na kwa muda mrefu watu wa kwetu waliiona ni mbwembwe. Lakini mwenye kumjua dumuzi, mdudu mla mahindi ghalani, yule ambaye wazee bado wanamwita skania, aliyeanza kuwatesa watu wa Tabora miaka ya 1980 mwanzoni, hahitaji kuelezwa. Ukiweka mahindi kiholela, miezi michache baadaye unapepeta unga usiousaga. Kabla ya kukuuzia, wanautoa mfuko wa ndani, wanaujaza hewa, wanausokota mdomo na kuubana kwa mikono huku wakisikiliza. Ukitoa hata mluzi mdogo unawekwa kando. Nawapenda kwa hilo, maana tundu la ncha ya sindano linatosha kuharibu kazi yote: mdudu anakufa kwa kukosa hewa, ukimpa hewa anakushukuru.

Mzee wa mbegu alinifundisha pia namna ya kupima ukavu bila mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, acha dakika kama kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Isiponata, funga. Wengi wanaoilaumu mifuko hii kwamba imewaozeshea mahindi waliyafunga mabichi.

Viuatilifu wanavyo vya kutosha, na tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017 hilo ndilo kabati linalopanguliwa zaidi. Mzee anakuonyesha ule mstari wa rangi chini ya lebo, kwamba nyekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani, na anaanza na kijani kwanza. Anakwambia upulizie asubuhi au jioni, ulenge moyo wa muhindi pale mdudu alipojificha, siyo kuogesha majani.

Hapo hapo nina ugomvi nao, na ni ugomvi wa kweli. Stoo ikijaa, makatoni ya viuatilifu yanasogezwa nyuma, na nyuma ndiko kuliko mifuko ya chakula cha vifaranga. Nimeona mfuko umeegemea katoni la sumu. Nilimwita mwenye duka, akawaamuru vijana wahamishe, wakahamisha. Nilipokwenda tena vilikuwa vimerudiana. Duka linalokwangua lebo ya mbegu mbele ya mteja halina sababu ya kulaza chakula na sumu kitanda kimoja. Tangu hapo chakula cha vifaranga nanunua kwingine, hapo nachukua mashudu tu, tena ya mfuko ulio mbele.

Tuvuke kulia, kwenye vifaa. Kijana wa pale ana maneno mazuri na hajui kitu. Misumari wanapima kwa haki, mizani iko wazi unaiona. Seng'enge, kamba, makufuli, gamboti, ndoo, vyote vipo. Majembe ni mazuri, chuma kinalia ukikigonga, ingawa ni ghali kwa elfu mbili kuliko mnadani. Pampu ya kubeba mgongoni nayo ni nzuri na nozeli za akiba zipo, hilo ni jambo kubwa, kwa sababu wengi wanakuuzia pampu halafu nozeli ikiziba unaambiwa kanunue pampu nyingine. Wana hata jembe la kupasulia la kufungwa kwa ng'ombe, ambalo mabwana shamba wanatuhimiza tulitumie tuache kuberega, yaani kupanda bila kulima.

Lakini koki! Nilinunua koki ya plastiki ya tenki, ikaanza kuvuja kabla hata tenki halijajaa. Kuirudisha, nikaambiwa plastiki hairudishwi. Risiti ninayo, koki ninayo, maji yanadondoka mkononi mwa kijana mwenyewe, na yeye anasema nimekaza sana. Taa ya sola ya kubandika ukutani iliyoandikwa inawaka usiku kucha inawaka mpaka saa tatu, muda ambao hata sisi bado hatujalala. Na mabati: muulize tofauti ya geji 28, 30 na 32, atakwambia zote ni imara, inategemea na mfuko wako. Haitegemei mfuko. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba zaidi, na kwa upepo wetu wa Agosti mtu anayeezekea nyumba anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kulipa. Mwenye duka anajua, ukimuuliza yeye anakueleza vizuri sana. Sasa mbona hakai upande ule?

Malipo wanapokea taslimu na kwa simu, risiti ya mashine unapewa bila kuomba. Chenji ndogo ikikosekana hawakupi pipi, wanakupa shazia. Nyumbani nina shazia za kushonea magunia ya mkoa mzima.

Bei kwa jumla ziko juu kidogo ya maduka mengine ya pale pale mjini, hasa dawa. Ninailipa tofauti hiyo bila kinyongo kwenye mbegu na chanjo. Kwenye vifaa siilipi, vifaa navifuata Dodoma mjini nikiwa na safari, au namsubiri fundi anichagulie.

Wanafungua mapema, kabla mafuso ya mahindi hayajaanza kuziba barabara, na wanafunga magharibi. Jumapili ni baada ya ibada. Msimu wa kupanda ukikaribia, fika asubuhi kabisa, nenda moja kwa moja kwa mzee, mpe shikamoo yake, jibu maswali yake yote hata kama unajua unachotaka. Ila usiende Jumamosi. Jumamosi mzee huwa kwenye zabibu zake Hombolo, na anayekaa meza ya mbegu siku hiyo ni yule kijana wa koki.